Eti mafuta ya petroli hayaishi? Mteja kaniachia swali na ndoo ya mafuta ya chipsi

#1 Fundi Pampu (Unga Limited, Arusha)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi pampu hapa Unga Limited. Kazi yangu ni pampu za dizeli na nozeli tu, sigusi gia boksi. Wiki iliyopita nimeletewa Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ inavutwa kwa kamba kutoka Ngaramtoni, asubuhi ya ile baridi ya Julai ambayo nyie wa huku mnaijua. Mwenye gari anasema imezima tu yenyewe. Nafungua chujio la dizeli, nakuta kitu kama samli iliyoganda. Nanusa. Chipsi! Chipsi mayai kabisa, saa nne asubuhi njaa ikaniuma.

Kumbe mzee anazunguka kwa wakaanga chipsi wa Kwa Mrombo, ananunua mafuta yaliyokwisha kukaangia, anayachuja kwa kitambaa cha kanga, anachanganya nusu kwa nusu na dizeli. Kuanzia Desemba hadi Machi gari ilikwenda bila tatizo, na simshangai. Injini ya dizeli haijali sana chakula. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya dunia ya Paris, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kuisimulia habari hiyo. Tatizo ni kwamba mafuta ya kula ni mazito, na yakipigwa na baridi yanakuwa mazito zaidi. Nozeli ilitengenezwa kurusha ukungu, sasa wewe unailazimisha iteme uji.

Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akasema: "Fundi, mafuta ya Waarabu yanaisha, mimi najizoesha mapema." Dogo wangu anayenisaidia akadakia kwamba mafuta hayaishi, ardhi inayatengeneza kila siku, kaona kwenye simu. Ubishi ukaanza na mpaka leo haujakwisha.

Langu niliseme mapema. Naamini yana mwisho, ila siamini kwamba iko siku sheli zote zitaandika HAKUNA. Nendeni Mirerani. Tanzanite ilipoanza kujulikana mwaka 1967 ilikuwa ya kuokota juu ya ardhi. Leo mwanaapolo, yaani mchimbaji, anashuka mamia ya mita, anapumua hewa ya kompresa, na anaweza kumaliza miaka hajaona hata kipande. Tanzanite imekwisha? Haijaisha. Ila ile ya kuokota imekwisha. Nadhani mafuta ni hivyo hivyo, lakini humu kuna waliosoma. Karibuni.

#2 Chalii wa Sakina

Aisee fundi, yaishe yasiishe, mimi na bodaboda yangu naijua Jumatano ya kwanza ya mwezi tu, siku EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei ya mafuta. Wese likipanda hesabu ya bosi iko palepale.

#3 Hayaishi Kamwe (Moshi)

Fundi, sikiliza dogo wako, ana akili kukuzidi.

Twende kwa hesabu. Mwaka 1980 dunia ilisema ina akiba ya mapipa kama bilioni 680. Kwa matumizi ya wakati ule, ilikuwa miaka thelathini hivi basi, kwa hiyo ilibidi tuishiwe 2010. Leo akiba inayotangazwa ni kama trilioni 1.7! Tumechoma miaka arobaini na ushee, na ghala limezidi kujaa. Niambieni ni kihenge gani cha mahindi kinachojaa kadiri unavyokula.

Warusi walishasema tangu 1951, mtu anaitwa Nikolai Kudryavtsev: mafuta hayatokani na mijusi iliyooza, yanatengenezwa chini kabisa ya dunia na yanapanda. Kule Ghuba ya Mexico kuna eneo la visima linaitwa Eugene Island 330, lilishuka, halafu likajijaza lenyewe. Habari ya "mafuta yanaisha" ni ya wauzaji ili bei ipande.

#4 Mwamba Tabaka

Nimefanya kazi ya miamba miaka kadhaa, kwetu ni Tengeru. Nimjibu Hayaishi kwa heshima kwa sababu hesabu yake ya 1980 ni ya kweli. Kosa liko kwenye maana ya neno akiba.

Kwanza tuondoe mijusi. Hakuna mtaalamu anayesema mafuta ni dinosaria, hiyo ni katuni ya kwenye matangazo. Mafuta ni vijimea na vijidudu vya majini vilivyozama kwenye tope lisilo na hewa, vikafukiwa kilometa kadhaa chini, vikapikwa polepole kwenye joto la takriban nyuzi 60 hadi 120. Ukizidisha moto unapata gesi, ukipunguza hupati kitu. Mapishi hayo ni ya mamilioni ya miaka.

Tunajuaje? Miaka ya 1930 Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta ghafi masalia ya ile rangi ya kijani ya majani. Ni kama wewe fundi ulivyonusa chipsi. Huhitaji kumwona mkaangaji.

Na hoja ya Warusi ilijaribiwa kwa pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wasweden walichimba mahali panaitwa Siljan, kwenye mwamba mgumu, zaidi ya kilometa sita, wakimfuata Thomas Gold aliyeamini gesi na mafuta vinatoka chini kabisa. Walipata tope la mafuta la mapipa kama 80, na hata hilo likabishaniwa, maana wachimbaji wenyewe walimimina vilainishi vya mafuta kwenye shimo. Pipa moja ni lita 159. Piga hesabu: kilometa sita kwa mzigo usiojaza hata lori moja la tenki.

Eugene Island ni kweli ilipata nafuu. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba chini yake kuna mwamba mwingine wenye mafuta, unaovuja kupanda kupitia ufa. Hiyo siyo ardhi kuzaa mafuta mapya. Ni pipa la chini linavujia la juu.

Sasa akiba. Akiba ni yale yanayoweza kutolewa kwa faida, kwa bei ya leo na mitambo ya leo. Bei ikipanda, mafuta yaliyokuwa "hayafai" jana yanaingia kwenye hesabu bila tone jipya kuumbwa. Mfano wa jirani: Uganda wana takriban mapipa bilioni 6.5 chini ya Ziwa Albert na pembezoni, lakini yanayotegemewa kutoka ni kama bilioni 1.4. Mengine yapo, wanayajua yalipo, na yatabaki humo. Hata hayo yanayotoka yana nta nyingi, yanaganda. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, kilometa 1,443, imebidi liwe la kupashwa moto, nyuzi kama 50, njia nzima. Fundi, mzee wako wa Land Cruiser angelijua hilo.

#5 Hayaishi Kamwe

Maneno mazuri, lakini na yule mtabiri wenu Hubbert, Mmarekani wa miamba? Si alisema 1956 kwamba Marekani itafika kileleni kwa kutoa mafuta kabla au ifikapo 1970, halafu ishuke mpaka chini? Leo Marekani inatoa mafuta kuliko nchi yoyote. Alikosea. Nyote mnakosea kwa zamu.

#6 Mwamba Tabaka

Alipatia kwanza, ndipo akakosea. Marekani walifika kileleni 1970 kweli, wakashuka miaka karibu arobaini. Kilichowainua ni kupasua mwamba kwa maji, mchanga na kemikali kwa mgandamizo mkubwa, na mwaka 2018 wakaivuka rekodi yao ya 1970. Ila mwulize fundi wa visima vile: kisima kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake mwaka wa kwanza tu. Inabidi uchimbe kingine, na kingine, ili ubaki pale ulipo. Linganisha na Ghawar, eneo la visima la Saudia, lililogunduliwa 1948 na bado linatoa.

Na visima vikubwa vinakufa, tena hadharani. Cantarell ya Mexico iligundulika baada ya mvuvi kulalamika nyavu zake zinachafuka mafuta. Mvuvi huyo ndiye aliyekuwa na jina hilo. Mwaka 2004 ilikuwa inatoa mapipa zaidi ya milioni mbili kwa siku. Haikuchukua miaka kumi ikawa chini ya robo ya hapo. Ingekuwa ardhi inajaza, ingejaza pale.

Kwa hiyo fundi, mfano wako wa Mirerani nauchukua, nitautumia.

#7 Mzee wa Longuo (Moshi)

Wanangu, nawasoma hapa kwenye baraza. Nyie mnabishana kama yataisha. Mimi nimeshaona yakiisha.

Miaka ile baada ya vita vya Kagera, Iran nako kumechafuka, bei ya dunia imeruka zaidi ya mara mbili, serikali haina fedha za kigeni. Jumapili ikifika saa nane mchana, gari binafsi marufuku barabarani. Nilikuwa na Peugeot 404. Tulikwenda harusi Marangu, maharusi wakachelewa kanisani, saa nane ikatukuta Himo. Tuliiegesha uani kwa mtu tusiyemjua, tukarudi Moshi kwa miguu na viatu vya harusi mkononi. Jumatatu nikairudia gari, kuku wametaga kiti cha nyuma.

Na wakati ule tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, pale Kigamboni, tangu 1966. Kiwanda tunacho, mafuta hatuna. Kule Saudia visima vimejaa. Sasa kwetu sisi yalikuwa yamekwisha au hayajaisha?

#8 Fundi Pampu

Mzee shikamoo. Hapo umenimaliza, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta na sikupata maneno.

Hatuna kisima hata kimoja kinachotoa mafuta. Wanatafuta huko Eyasi-Wembere, tuwaombee. Kila lita niliyowahi kumwaga hapa gereji imeshuka melini, imelipiwa kwa dola. Agosti 2022, vita vya Ukraine vimepamba moto, petroli Dar ilivuka 3,400 kwa lita, na hapo serikali ilikuwa inaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. Huku kwetu ikawa juu zaidi kwa sababu ya nauli ya lori. Mwaka 2023 dola zikaadimika, kuna sheli zikafunga pampu. Hakuna kisima hata kimoja duniani kilichokauka wiki hiyo. Na karibu moja ya tano ya mafuta ya dunia hupita mlango mmoja wa bahari pale Hormuz. Watu wakigombana pale, mimi hapa Unga Limited nakosa wateja.

Kwa hiyo mimi sibishani tena na dogo. Hata yakiwa hayaishi, kwetu yanaisha.

#9 Mama wa Kihamba (Uru)

Nimecheka kuku wa Mzee wa Longuo.

Mimi nina biogesi ya samadi tangu 2012, mtambo wa kuzikwa ardhini wa aina ya Camartec, hao wa hapo Arusha. Ng'ombe wawili wa bandani. Asubuhi samadi ndoo mbili, maji ndoo mbili, nakoroga kwa mti mpaka mabonge yaishe, nafungulia. Majani makavu yakiingia yanaelea juu na kutengeneza ukoko, gesi inapungua, kwa hiyo mikono inachafuka, wenye kucha ndefu msijidanganye. Moto ni wa bluu. Napika maharage, chai, na maji ya kuoga ya watoto. Tope linalotoka upande wa pili nalipeleka kwenye migomba na kahawa.

Wa kwanza ulipasuka kuba ndani ya miezi minne. Fundi aliyelipua kazi simtaji, ila akipita njia ya kwetu anajifanya anaongea na simu. Kwa hiyo msiambiwe ni rahisi. Ukivuja hata kidogo una shimo la samadi tu.

Ng'ombe mmoja alipokufa moto ukawa wa chai tu mpaka nikanunua mwingine. Hapo ndipo nilipojua kisima changu nacho kina mwisho, lakini mwisho wake nauona kwa macho, uko bandani unatafuna majani ya migomba.

#10 Mangi Mkavu

Wachaga wenzangu, jibu tunalo miaka yote. MBEGE. Weka kwenye Noah twende Dar.

#11 Fundi Pampu

Mangi, mbege ina maji mno, plagi itakulaani. Lakini umegusa pazuri. Ukiikausha pombe mpaka ibaki spiriti tupu ndiyo ethanoli, na hiyo inaendesha gari. Brazili walianza mpango mkubwa 1975 baada ya bei kuwachapa, miwa yao ikawa mafuta, na kwa miaka mingi petroli yao ilikuwa na ethanoli asilimia 27. Mbali? Malawi hapo jirani wanachanganya tangu 1982.

Kasoro yake, lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya lita ya petroli, na inakula mipira ya zamani, kwa hiyo gari za zamani zitavuja. Ila pale TPC, kiwanda cha sukari chini ya Moshi, miwa ipo, makapi yake wanayachoma na kupata umeme. Molasi, ile shira inayobaki sukari ikishatoka, si kitu cha kutupa, ndiyo ya ethanoli.

#12 Mtoto wa Monduli

Kabla hamjashangilia mimea, nisimulie mbono.

Kati ya 2005 na 2009 huku kwetu kila mtu aliambiwa apande mbono kaburi. Unaota pasipo na mvua, hauliwi na mbuzi, mbegu zake ni dizeli. Baba alitoa ekari mbili za mahindi. Kampuni iliahidi kununua mbegu kwa kilo. Ule mmea kweli haufi kwenye ukame, ila kutokufa na kuzaa ni vitu viwili. Bila maji na mbolea unakupa majani na kivuli cha nyoka. Mavuno ya kwanza tulijaza magunia mawili na nusu kwa mikono ya watu sita, kila tunda unalibangua kwa vidole. Wakaja wakapima, wakalipa. Msimu wa pili hawakuja. Msimu wa tatu namba yao ya simu haipo.

Magunia yalikaa stoo mpaka panya nao wakayakataa, maana ni sumu. Mama akajifunza kuzichemsha kutoa sabuni. Ule mbono uliobaki ni uzio wa boma, na kwa kazi hiyo, kwa kweli, hauna mpinzani. Ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya kabla kampuni haijaja.

Mtu akija tena na mmea wa miujiza muulizeni swali moja: shamba lake la majaribio liko wapi na lina mvua kiasi gani.

#13 Mwamba Tabaka

Hii post iwekewe fremu.

#14 Chalii wa Sakina

Mimi sijasoma kama nyie ila nina hesabu yangu ya jioni.

Petroli kwa siku lita nne na nusu, kwa bei za 2025 elfu kumi na tatu na kitu ilikuwa inakwenda. Kijiweni kuna mwanangu ana pikipiki ya umeme. Anachaji kwake usiku, mchana anaongeza tena, jumla uniti kama sita. Uniti moja shilingi 356. Haifiki elfu mbili na mia tano. Hana oili ya kumwaga, hana plagi, hana cheni ya kuning'inia.

Sasa ubaya. Akipandisha Ilboru na abiria bonge, chaji inashuka unaiona. Hapeleki mtu Usa River jioni. Na bei ya kununua ndiyo imenisimamisha. Fundi, umeme unashindaje petroli wakati betri ni zito hivyo?

#15 Fundi Pampu

Swali la maana. Kilo kwa kilo, betri haifui dafu kwa petroli. Petroli ina nguvu zaidi ya mara hamsini. Ila injini yako inaitupa. Kwenye lita nne unazotia, tatu zinatoka kama joto na moshi, ndiyo maana eksozi ilikuunguza mguu. Mota ya umeme inatumia karibu yote iliyopewa. Pia kwenye foleni pale Kilombero yako inakunywa imesimama, yake imelala.

Nasema haya na mimi ni fundi wa dizeli, mjue naukata mti niliokalia.

#16 Hayaishi Kamwe

Umeme upi? Huu unaokatika nikiwa kati ya kunyoa mteja? Niko saluni Majengo, kuna mtu alitoka hapa na nusu ndevu.

#17 Mwamba Tabaka

Hahaha, pole yake. Lakini tofautisha kuzalisha na kufikisha. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, mtambo wa kwanza umewashwa Februari 2024. Umeme wa kutosha upo kwenye gridi. Unaokukata wewe mara nyingi ni transfoma na nyaya za mtaani. Hilo linarekebishika bila kumwomba mtu meli. Ethiopia wametumia mantiki hiyo hiyo: wana mabwawa, hawana mafuta, mwaka 2024 wakazuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Ni ukali, sisemi tuige kesho.

Ndege za KIA sioni zikiruka kwa betri karibuni, wala lori la kutoka Tanga. Na gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, inaendesha bajaji za Dar, ila bomba halijafika huku. Kwa hiyo dizeli itakuwepo, fundi hulali njaa. Habari ya theluji ya mlima na joto la dunia naiacha, ile ina uzi wake na matusi yake.

#18 Mzee wa Longuo

Hayaishi, yule wa nusu ndevu alikuwa mjukuu wangu. Alikwenda hivyo kwenye usaili.

#19 Hayaishi Kamwe

Mzee shikamoo. Nimeshindwa ubishi kwa njia nisiyoitegemea. Aje nimalizie bure.

Ila msimamo wangu hamjauvunja.

#20 Fundi Pampu

Mrejesho wa Land Cruiser, maana kuna walioniuliza faragha. Pampu nimeifungua leo. Mihuri ya mpira imevimba, kwenye plunja kuna utando wa kahawia kama wa kikaango kisichooshwa, nozeli mbili kati ya sita zinatiririsha. Nimempa mzee orodha ya spea, ameisoma mara mbili, akavua miwani akaisafisha, akaisoma tena.

Kaniuliza kama tunaweza kuweka tenki la pili dogo: awashe na kuzimia kwa dizeli safi, katikati ndipo ale chipsi zake zikiwa zimepashwa na maji ya rejeta. Nimemwambia inawezekana, wapo wanaofanya hivyo. Mwenye koili ya shaba ya kuzungushia, mita tatu hivi, ani-PM. Ndoo yake ya mafuta bado iko hapa gereji, na dogo jana kakaangia mihogo.